Mafuta gani uchanganyie unyunyu na ya kupaka ngozi? Mwongozo kamili kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Malalamiko ni yale yale kila mara. "Nimechanganya unyunyu wangu mwenyewe, siku ya kwanza unanukia mpaka jirani anauliza, wiki mbili baadae nafungua kichupa unanuka mafuta ya chipsi yaliyorudiwa." Mwingine uso umejaa vipele. Mwingine anasema harufu haikai, nusu saa tu imeshapotea. Ukimuuliza umechanganyia mafuta gani anakujibu "mafuta tu, yalikuwepo ndani".

Sasa hapo ndo tatizo lilipo. Kwenye kichupa cha unyunyu wa mafuta karibu sehemu tisa kati ya kumi ni hayo "mafuta tu", na kwenye mafuta ya kupaka ni zaidi ya hapo, kwa iyo mtu anahangaika wiki nzima kutafuta haludi nzuri afu anaimwaga kwenye mafuta ya kukaangia samaki. Na kwa joto letu la pwani na huu unyevu, mafuta mabaya hayakupi hata nafasi ya kujitetea.

Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke ya 4 hata kama una haraka.

## Vitu vya kuandaa

- Vichupa vidogo vya kioo cheusi au kahawia, vya ml 10 na ml 30. Roloni za kioo ni nzuri zaidi kwa unyunyu.
- Bomba za sindano za ml 1 na ml 5 bila sindano yake, famasi yoyote wanauza na bei ni ndogo. Hizi ndo vipimo vyako.
- Kitambaa cheupe safi au pamba ya kuchujia.
- Sufuria ndogo kavu na kijiko cha chuma.
- Vidonge vya vitamini E, vile vya mafuta ndani.
- Maka peni na plasta ya karatasi kwa ajili ya lebo.
- Aina mbili au tatu za mafuta ya msingi, kidogo kidogo. Usinunue lita kabla hujajaribu.
- Harufu yenyewe: perfume ya kupima, au mafuta ya karafuu, mchaichai, langilangi, chochote ulichonacho.

Vitu viwili usinunue kabisa kwa kazi hii. Gliserini haichanganyiki na mafuta, itakaa chini ya chupa ukitikisa inarudi pale pale. Na spiriti ya bluu ni ya kuwashia jiko, huwa imetiwa sumu makusudi ili isinywewe, usipake mwilini.

## Hatua ya 1: Amua kazi kabla ya kuamua mafuta

Jiulize unataka nini hasa, maana hakuna mafuta yanayofaa kila kitu na anayekwambia yapo ana mzigo anataka uishe.

Unyunyu unataka mafuta yasiyo na harufu yake, yasiyoharibika haraka, yasiyotia doa. Mafuta ya mwili yanataka kulainisha na kubaki kwenye ngozi, harufu yake kidogo sio kesi. Ya uso yanataka wepesi, hasa kama una chunusi. Ya nywele hata yakiwa mazito poa tu.

Umefaulu hapa kama unaweza kusema kwa sentensi moja, mfano "nataka roloni ya asmini ya kwenda nayo harusini". Ukisema "nataka ya kila kitu" rudi mwanzo.

## Hatua ya 2: Yajue mafuta yanayopatikana kwetu

Hapa nitakaa sana, maana ndo penyewe.

Nazi. Yapo kila nyumba kuanzia Kilwa mpaka Msimbati. Karibu nusu yake ni asidi ya loriki na sehemu kubwa ni mafuta magumu, ndo maana hayawahi kuchacha kama mengine. Kwa mwili mkavu, kwa nywele, ni mazuri mno. Shida yake kwanza ni harufu, yale ya kupika tui yananukia nazi na ukitia asmini utapata kitu kinaitwa asmini ya wali wa nazi. Pili yanaganda yakishuka chini ya nyuzi kama 24, kwa iyo kipupwe cha mwezi wa sita na wa saba unakuta roloni imegoma, na ukimpelekea mtu wa Newala kule juu penye baridi ndo kabisa. Tatu, uso wenye chunusi yanauziba. Yapo ya nazi yaliyochujwa yasiyoganda wala kunukia, hayo kwa unyunyu ni namba moja ila yanatoka madukani mijini na bei imechangamka.

Ufuta. Jamani sisi ndo tunaolima ufuta wa nchi hii, Lindi na Mtwara, afu mtu anaagiza mafuta ya lozi kutoka Dar. Ufuta una kinga zake za asili ndani, sesamini na sesamolini, zinazoyafanya yachelewe kuharibika kuliko mafuta mengine mepesi. Sharti ni moja, yawe yamekamuliwa ufuta mbichi. Uliokaangwa unanukia kashata na hiyo harufu hutaiua hata umimine langilangi ya Comoro yote. Rangi yake ya njano inaweza kutia doa kanzu nyeupe, kwa iyo paka mwilini, sio kwenye nguo.

Mlonge. Haya ndo napenda kuliko yote kwa unyunyu na watu wanayapita tu, mti wenyewe upo uani wanachuma majani. Mafuta ya mbegu za mlonge sehemu kubwa ni asidi ya oleiki, yanadumu, harufu yake ndogo, na yana sifa ya siku nyingi ya kushika harufu ya maua. Kwa ngozi hayana uzito. Kasoro ni upatikanaji, mbegu zinatakiwa nyingi na mashine, tafuta wanaokamua dawa za asili, ila hakikisha sio unga wa majani umelowekwa kwenye alizeti, yale ya kijani kibichi sana yatilie shaka.

Alizeti. Mepesi, bei nafuu, yanafaa ngozi kavu na hata iliyochoka. Yaliyosafishwa ya dukani hayana harufu, kwa kufanyia majaribio ni sawa kabisa. Ila yanachacha mapema, hasa haya ya kawaida yenye asidi ya linoleiki nyingi, kwa iyo changanya kidogo tumia uyamalize, usiweke akiba ya mwaka.

Nyonyo. Mazito, yananata, hayafai kuwa peke yake. Lakini ukitia kidogo, sehemu moja kwa tisa za mengine, yanasaidia harufu ikae. Pia ndo mafuta pekee kwenye orodha hii yanayokubali kuchanganyika na alkoholi, mengine yote ukitia kwenye chupa ya kupuliza yanajitenga. Onyo: nunua yaliyokamuliwa kiwandani, usitwange mbegu mwenyewe, zina sumu kali inaitwa risini na makapi yake ni hatari kwa watoto na kuku.

Ubuyu. Mafuta ya mbegu za ubuyu ni mazuri kwa mikono na visigino, harufu yake kama ya njugu kidogo, kwa unyunyu sio chaguo la kwanza.

Karanga. Yanalainisha vizuri ila mzio wa karanga upo na sio utani, kama unampa mtu mwingine bora uache. Ufuta nao una watu wake unawakataa, uliza kwanza.

Mzaituni. Wengi mnayaheshimu sana kwa sababu ya dini na dawa, sawa, ila harufu yake inapambana na manukato na kwenye ngozi laini ya mtoto mchanga sio rafiki kama tunavyodhani.

Haya yafuatayo ACHA kabisa:

- Mafuta ya ganda la korosho. Kila aliyewahi kubangua kienyeji anajua yanavyobabua vidole, ni asidi ya anakadiki na kadoli, yanaunguza ngozi mpaka malengelenge. Kuna watu wanachanganya na mafuta ya kiini cha korosho, ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiambiwa "mafuta ya korosho" uliza kiini au ganda, asiyejua jibu usinunue kwake.
- Mbono kaburi. Ni ya sabuni na taa, sio ya mwili.
- Mawese mekundu kwenye unyunyu. Yanapaka rangi kila kitu.
- Mwarobaini kwenye unyunyu. Kama dawa ya ngozi ni habari nyingine, ila harufu yake inashinda zote.

Umefaulu hatua hii kama umebaki na aina mbili au tatu za kujaribu. Mi ningeanza na ufuta mbichi, mlonge ukipatikana, na alizeti yaliyosafishwa.

## Hatua ya 3: Kagua kabla hujatoa hela

Ukiuliza sokoni Chikongola "mama, shikamoo, haya yamekamuliwa lini?" jibu ni "juzi tu mwanangu", hata kama chupa ina vumbi la msimu uliopita. Kwa iyo muamini pua yako. Omba tone, sugua kiganjani mpaka lipate joto, nusa. Mafuta mazima yananukia mbegu yake au hayanukii kitu. Yaliyochacha yana ukali fulani wa puani, kama rangi ya mlango.

Angalia na chupa imekaa wapi. Chupa angavu za maji zilizopangwa juani toka asubuhi, hata kama mafuta yalikuwa mazuri yameshaanza safari. Mwanga, joto na hewa ndo vinavyoyaharibu.

Nazi ina kipimo chake: weka kidogo kwenye friji. Yenyewe inaganda nyeupe sawasawa. Ikibaki tabaka la mafuta maji maji juu, imechanganywa na kitu.

Ufuta nunua baada ya mavuno, kuanzia katikati ya mwaka minada inapoanza, mbegu inakuwa mpya.

## Hatua ya 4: Toa maji (hapa ndo wengi wanaanguka)

Mafuta ya nazi ya nyumbani yana maji ya tui ndani hata kama huyaoni. Mafuta ya kukamua mtaani nayo yanaweza kuwa na maji na mashapo. Maji ndo yanaleta ukungu na ule uchachu, na vitamini E haizuii hilo, kazi yake ni kuchelewesha kuchacha tu, vijidudu haivijui.

Pima hivi. Chukua kijiko cha chuma, tia mafuta kidogo, weka juu ya moto mdogo. Yakipasuka pasuka na kurusha, yana maji. Yakitulia kimya, yako kavu.

Kama yana maji:

1. Mimina kwenye sufuria kavu, moto mdogo kabisa, mfuniko uwe pembeni yako.
2. Subiri mpaka vile vipovu vidogo vidogo viishe. Usiondoke kwenda kuchota maji. Yakianza kutoa moshi umezidisha, zima. Yakishika moto funika na mfuniko, usimwagie maji hata kidogo.
3. Yaache yapoe, chuja kwa kitambaa kikavu.
4. Yalaze usiku kucha kwenye chupa. Asubuhi mimina ya juu taratibu, kile kidogo cha chini chenye mashapo usikitamani.

Vichupa navyo vichemshe afu vianike mpaka vikauke kabisa, kabisa nimesema, tone moja la maji kwenye shingo ya chupa linarudisha kazi yote nyuma.

Na hii inahusu wale wa kutia shubiri mbichi, liwa iliyolowekwa, juisi ya limau au maji ya waridi kwenye mafuta. Hiyo tengeneza ya kutumia siku hiyo hiyo kisha mwaga. Ukitaka kuloweka asmini au vilua, anika kivulini masaa machache vinyauke kwanza, loweka kwenye mlonge au ufuta siku moja, chuja, tia maua mengine, rudia mpaka harufu ikukolee. Usichemshe asmini, inakufa.

Umefaulu kama mafuta yenye joto la kawaida ukiyainua kwenye mwanga yanaonekana safi bila ukungu, na kijiko kimenyamaza.

## Hatua ya 5: Yashindanishe

Usichague kwa kusikia, hata kwangu mimi. Tia ml 5 za kila aina kwenye kichupa chake, ongeza matone 5 ya perfume ya kupima ile ile moja (sio karafuu wala mchaichai, hizo ni kali, kipimo chake kipo Hatua ya 6), funga, tikisa, andika lebo. Waache siku nzima wazoeane.

Kesho yake oga na sabuni isiyonukia sana, pakaa kila kimoja sehemu yake kwenye mikono, ndani ya kiwiko na kwenye kifundo. Nusa baada ya dakika 10, baada ya saa moja, baada ya masaa manne. Pua ikichoka toka nje upigwe na upepo wa bahari kidogo, ndo urudi.

Utaona vitu vya ajabu. Harufu ile ile kwenye nazi inakuwa nzito na tamu, kwenye alizeti inaruka juu haraka na kuondoka, kwenye mlonge inakuja taratibu ila jioni bado ipo, na ukiongeza nyonyo kidogo inakaa zaidi ingawa ngozi inang'aa na vumbi linashika. Andika.

Aliyeshinda ni yule ambaye masaa manne baadae bado unanusa maua na sio mafuta.

## Hatua ya 6: Pima harufu, usikisie

Kadirio la kawaida: ml 1 ni kama matone 20. Matone yanatofautiana kulingana na uzito wa mafuta, ndo maana nikasema bomba la sindano.

- Uso: tone 1 au 2 kwenye ml 10. Mwenye ngozi nyeti asitie harufu kabisa.
- Mwili: matone 12 kwenye ml 30.
- Roloni ya unyunyu kwa perfume ya kupima: matone 20 kwenye ml 10.

Ila sasa sio kila harufu inavumilia hicho kipimo. Karafuu ya Pemba inanukia vizuri lakini ni kali, mwisho wake ni tone 1 tu kwenye ml 10. Mchaichai vile vile tone 1. Mafuta ya gome la mdalasini yasiguse ngozi. Mafuta ya limau na ndimu yaliyokamuliwa ganda ukipaka afu ukatoka juani unaweza kuungua na kubaki na madoa meusi ya miezi, na jua la Lindi halina huruma, kwa iyo yaweke pembeni.

Ukimaliza osha bomba mara moja, karafuu inavimbisha ile raba ya ndani inagoma kusukuma.

Kisha toboa kidonge kimoja cha vitamini E kwa kila ml 50 za mafuta. Kinasaidia mafuta mazima yadumu. Yaliyokwisha kuchacha hakiyafufui.

Watoto wachanga wasitiwe harufu yoyote ile, na mama mjamzito aulize kliniki kwanza.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye ngozi

Tone moja ndani ya mkono karibu na kiwiko, funika na plasta, usioshe. Angalia baada ya saa 24, na tena baada ya saa 48 maana mzio mwingine unachelewa. Ikiwasha, ikawa nyekundu, ikavimba, osha na sabuni na uache. Ya uso rudia jaribio chini ya taya siku kadhaa kabla hujapaka kote, vipele vya kuziba vinyweleo haviji siku moja.

Na tuelewane, hakuna mafuta kwenye orodha hii yanayozuia jua. Nazi haizuii, ufuta hauzuii. Mwenye ualbino aendelee na losheni yake ya jua aliyopewa, haya sio mbadala.

Kama kuna mtu amekuuzia "mafuta asili" yanayokung'arisha ndani ya siku tatu, hayo sio asili, kuna kitu kimetiwa humo, acha kuyapaka.

## Hatua ya 8: Hifadhi na kuuza

Kabati lenye giza, mbali na jiko, mbali na dirisha, mbali na dashibodi ya bajaji. Jaza kichupa mpaka karibu na shingo ili hewa iwe ndogo. Akiba kubwa iweke friji ukiwa nayo. Andika tarehe ya kuchanganya, aina ya mafuta na harufu, miezi miwili ikipita hutakumbuka hata ungeapa.

Nusa kila unapofungua. Alizeti itegemee miezi michache tu, ufuta na mlonge zaidi ya hapo, nazi kavu ndo mvumilivu.

Ukitaka kuuza mambo yanabadilika. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, ile TFDA imebaki TMDA ya dawa na vifaa tiba, kwa iyo bidhaa yako inatakiwa isajiliwe huko. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako, Mtwara wapo na Lindi wapo, watakuelekeza mafunzo na namna ya kupata alama ya ubora. Kwenye lebo taja viungo vyote, hasa ufuta na karanga kwa ajili ya wenye mzio.

Na kichupa kikichacha usijaribu kukiongezea perfume kuficha, utapata harufu mbili zinazogombana na ngozi itawashwa vile vile. Hayo pakaa bawaba za mlango au panga lisishike kutu, kichupa kichemshe, kianike, anza upya.